Siku Niliyoifanya Gari ya Papa Kuwa ya Sasa

Nianze na upumbavu wenyewe, msije mkasema nimewaficha: nyota ya gari ya papa yangu niliitupa chooni. Si nyota peke yake. Niliitupa pamoja na vioo viwili vya pembeni, antena, vifuniko vinne vya magurudumu, na ule mkanda mrefu wa chuma chenye kung'aa uliokuwa umezunguka mbavu za gari. Vyote viliingia mu shimo la choo chetu cha Nyalukemba, mtaa wetu wa Bukavu, kimoja kimoja, na kila kimoja kilitoa sauti yake, isipokuwa antena. Papa alikuwa amekufa tangu miezi minne. Nilikuwa na miaka minane, na kabla ya kufanya hivyo nilikuwa nimefikiri sana. Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo. Kama nisingefikiri, ningejisamehe haraka.

Nimeikumbuka habari hii kwa sababu ya simu ya mwenzangu wa darasa. Wiki iliyopita, wakati wa mapumziko, alituonyesha gari mpya kabisa ya fabrike, yaani kiwanda, ile ya nyota. Jina lake mnalijua, mimi sifanyii watu matangazo ya bure. Gari yenyewe ilikuwa laini, haina kona, kama kipande cha sabuni ambacho familia nzima imeoga nacho hadi maandishi yamefutika. Wenzangu wote walikuwa wanapiga miluzi. Mimi nilikuwa natafuta mishikio ya milango, vioo, nyota. Hakuna. Nikasema kwa sauti, bila kutaka, "Wametoa vyote." Wakaniuliza nani ametoa nini. Nikawaambia wale mikate yao.

Papa alikuwa na kitabu cha fabrike hiyo, kikubwa kuliko Biblia ya maman. Bosi wake wa zamani alimwachia siku aliyorudi kwao. Ndani yake mlikuwa na picha za gari zote walizowahi kutengeneza, toka ile ya kwanza hadi ile ya kesho ambayo bado haijatembea. Kitabu kilinuka mazutu, yaani dizeli, na dawa ya meno. Mazutu mnaelewa. Dawa ya meno ni kwa sababu papa aliitumia kung'arisha vyuma vya gari yake, hasa ile nyota. Kwetu dawa ya meno iliisha haraka sana, na meno yetu hayakuwa na kosa.

Jioni, kabla ya kula, tuliingia mu gari ikiwa imesimama mu lupango, yaani uwanja wetu. Papa alikaa kwenye usukani, mimi pembeni yake, na dada yangu mdogo Nsimire nyuma peke yake kama waziri. Papa alifungua kitabu juu ya usukani na mchezo ukaanza. Alituonyesha gari moja, kisha akafunua ukurasa wa pili, akatuonyesha iliyoifuata, akauliza: "Wametoa nini?"

Ile ya kwanza kabisa ilikuwa na magurudumu matatu, haina paa, kama baiskeli iliyooana na benchi la kanisa. "Hii mvua moja tu ya Bukavu ingeimaliza," papa alisema. Zikafuata zile ndefu zenye vikanyagio pembeni na taa kubwa kama sufuria. Wametoa nini? Wametoa vikanyagio. Wametoa sufuria. Kuna moja ambayo milango yake ilifunguka kwenda juu, kama kuku mwenye kufukuza mwewe. Kwenye ukurasa uliofuata milango ilikuwa imeshuka, na Nsimire alilalamika kila siku, kama ndiyo siku ya kwanza.

Halafu ulifika ukurasa wetu. Ulikuwa umechakaa kwa vidole. Gari ilikuwa kama yetu, hata rangi yake ile ya maziwa yenye kahawa kidogo.

"Na hapa wametoa nini?" niliuliza mimi.

"Hapa hawakutoa kitu," papa alisema. "Hapa walikuwa wamemaliza. Kisha wakasahau kama wamemaliza, wakaanza tena kutoa."

Na kweli, baada ya yetu waliendelea kutoa. Kwanza vyuma vya kung'aa vya mbele na nyuma. Kisha ile mikanda ya mbavuni. Antena ikapotea. Ni ile ya umbo la sanduku tu, ndefu, ya wakubwa, iliyobaki vilevile kila ukurasa. Papa alisema hiyo haisikii la mtu. Kwenye ukurasa wa mwisho, gari ya kesho haikuwa na vioo vya pembeni, haikuwa na mishikio, na nyota ilikuwa imelazwa ndani ya pua, haisimami tena. Papa aliitazama kwa muda.

"Karibu batatoa na dereva," alisema, akacheka.

Mimi sikucheka, maana dereva alikuwa yeye.

Sasa mtoto wa miaka minane, mwenye kichwa kinachofanya kazi, angejifunza nini pale? Nilijifunza kwamba gari haizeeki kwa kukaa. Inazeeka kwa kubaki na vitu. Ukitaka iwe mpya, angalia kitabuni wametoa nini, nawe utoe. Hakuna aliyeniambia tofauti kati ya gari iliyozaliwa bila kitu na gari iliyonyang'anywa. Papa angeniambia, kama ningemuuliza. Lakini nilikuwa namwachia maswali mengine kwa ajili ya kesho, kama vile kesho ilikuwa ya kwetu.

Siku za kazi papa alibeba watu mjini, na kila Jumamosi ya kiangazi alibeba mabibi harusi. Alipokufa, Tonton Déo, mdogo wake maman, akashika usukani, ila watu walikuwa wanamkodi papa, si gari tu, na simu zikaacha kulia. Matanga yalipokwisha, kaka mkubwa wa papa akaja kutoka Nyangezi. Sisi tunamwita Papa mukubwa. Ni mtu wa ng'ombe, na kila kitu cha dunia hii anakipima kwa ng'ombe.

"Shemeji," alimwambia maman, "gari bila mwenyewe iko kama ng'ombe bila muchungaji. Kila mutu anapita, anakamua. Kule kwetu niko na mutu anaitaka."

Maman anauza sambaza sokoni, wale samaki wadogo wa ziwa. Sambaza zilitulisha, lakini hazikufika hadi shule. Shule yangu na ya Nsimire ilikuwa mu ile gari.

"Muniachie ndoa moja tu," maman alisema. "Ikibeba bibi harusi, ikamufikisha bila kututia haya, inabaki kwa batoto. Ikishindwa, muichukue, sitasema neno."

Papa mukubwa alizungusha kofia yake mikononi. "Ndoa moja," alikubali. "Na siku hiyo nitakuwepo."

Maman alitafuta ile ndoa kama mtu anayetafuta damu ya mgonjwa. Akaipata. Siku ya Ijumaa, dada mkubwa wa bwana harusi akaja kuangalia gari. Aliitwa Yaya Solange; kwetu yaya ni dada mkubwa. Alikuwa na miwani nyeusi, na viatu virefu kwenye mteremko wetu ambako hata mbuzi wanashuka wakiomba Mungu. Alizunguka gari mara mbili.

"Maman, munisamehe," alisema. "Gari iko safi, siwezi kudanganya. Lakini iko ya zamani. Sisi tulikuwa natafuta ile ya sasa."

"Inatembea vizuri, dada yangu. Haijawahi kulala barabarani."

"Sikatai. Lakini unajua batu, banaangalia. Na picha za ndoa zinabakiaka." Alitazama simu yake. "Kuna jeep moja walituahidi. Nitafika hapa kesho asubuhi na maman wa maua. Kama jeep haijapatikana, tutachukua hii."

"Aksanti," maman alisema.

Alipoondoka, maman alikaa kwenye kizingiti akiitazama gari jinsi unavyomtazama mtoto ambaye wenzake wamemkataa mchezoni. Kisha akabeba beseni lake, akaenda sokoni.

Mimi nilikuwa nyuma ya mlango. Nilikuwa nimesikia kila neno, na nilikuwa na kitabu.

"Tunafanya nini?" Nsimire aliuliza. Alikuwa na miaka sita na hakuwahi kukataa kazi mbaya.

"Tunaifanya ya sasa."

"Maman amekubali?"

"Maman hajakataa."

Nilifungua kitabu ukurasa wa mwisho, nikakiweka juu ya jiwe ili Nsimire awe anasoma picha, mimi nafanya. Tulianza na nyota. Ilikuwa imesimama juu ya pua ya gari kama askari mdogo. Niliizungusha ikakataa, nikaizungusha tena, ikatoka na waya wake wa kujikunja. Vioo nilivifungua kwa tournevis ya papa, kila skrubu nikiisemesha kwa upole kama alivyokuwa anafanya yeye. Antena ilivunjika yenyewe; nilihesabu kwamba imejitolea. Vifuniko vya magurudumu viliruka kwa teke. Mkanda wa mbavuni ndio uliotutesa. Tuliukwangua kwa vijiko, viwili vikapinda, na kila sehemu ulipobanduka ulituachia tundu dogo jeusi, kisha jingine, kisha jingine, mstari mzima toka taa za mbele hadi za nyuma.

"Bado mishikio ya milango," Nsimire alisema, kidole kwenye picha.

Nilijaribu. Haikutoka. "Tuiache. Tutasema iko ya katikati."

"Na hivi?"

Alionyesha rundo la vyuma miguuni petu. Nikaangalia kitabuni, ukurasa kwa ukurasa. Hakuna hata gari moja iliyopigwa picha na vitu vyake vimerundikwa pembeni. Kwa hiyo fabrike ilikuwa inavipeleka mahali. Kwetu mahali pa vitu visivyorudi palikuwa ni chooni tu. Nyota niliitupa ya mwisho. Niliitazama kidogo, maana ilinukia dawa ya meno, nikaiachilia.

Jioni hiyo umeme ulikuwa umekatika. Maman alirudi amechoka, akapita karibu na gari, akaigusa begani, jinsi alivyokuwa anafanya tangu papa afe. Hakuona kitu. Mimi nililala nikiwa mtu mkubwa.

Asubuhi nilivaa shati langu la misa, nikakaa kwenye kizingiti kungoja shukrani. Maman alitoka na beseni la maji na kitambaa, tayari kuosha gari. Alifika katikati ya lupango akasimama. Aliweka beseni chini polepole sana, maji yasimwagike, kama vile maji ndiyo yaliyobaki kuokolewa.

"Nani ameiba?" aliuliza.

"Hakuna mwizi, maman. Ni mimi. Nimetoa vile vya zamani." Nikamnyooshea kitabu. "Angalia. Sasa iko ya sasa."

Aliangalia kitabu, akaangalia gari, akaniangalia mimi.

"Viko wapi?"

Nsimire, yule msaliti, alionyesha choo kwa kidevu.

Hapo hapo mlango wa lupango ulifunguka. Aliingia Papa mukubwa na koti lake la sherehe. Nyuma yake Tonton Déo mwenye shati jeupe, na nyuma ya Tonton, Yaya Solange pamoja na mama mmoja mnene aliyebeba mfuko wa riboni na ndoo ya maua meupe. Huyo wa maua hakusalimia mtu. Alikwenda moja kwa moja mbele ya gari na riboni mkononi, akatafuta.

"Nyota iko wapi? Mi nafungaka kwa nyota, halafu navuta hadi kwa vioo." Akaangalia pembeni. "Na vioo?"

Papa mukubwa alizunguka gari taratibu. Aliingiza ncha ya kidole mu tundu moja, kisha mu lingine.

"Hii imekuwa ngozi ya ng'ombe iliyoliwa na kupe," alisema. Akavua kofia. Hakuwa anafurahi, lazima niseme ukweli. "Tulisema ndoa moja, shemeji. Utapakiza mutoto wa batu mu hii?"

Maman alikuwa anaangalia chini, mahali beseni lilipokuwa. Na hapo, kwa mara ya kwanza, niliiona gari bila kupitia kitabu. Haikuwa ya sasa. Haikuwa hata ya katikati. Ilikuwa muzee aliyenyang'anywa meno, anajaribu kutabasamu kwa wageni. Nikaelewa kwamba ile shule yangu, ile ya Nsimire, na zile jioni za kukaa watatu mu gari, nilikuwa nimezifungua mwenyewe kwa tournevis, skrubu kwa skrubu.

Yaya Solange alikuwa kwenye simu. Alisema "ndiyo" mara tatu, kisha "Kavumu?", kisha akaishusha. "Jeep ilienda kupokea bageni ku uwanja wa ndege. Hairudi mbele ya misa." Akanigeukia. Nadhani machozi yangu yalikuwa yameanza. "Weye njo ulifanya hii? Juu ya nini?"

"Ulisema munataka ya sasa."

"Miye?"

"Jana. Ulisema hii iko ya zamani, batu banaangalia."

Alivua miwani yake. Macho yake yalikuwa ya msichana wa kawaida, mwenye usingizi wa siku tatu za kupika. Alitazama shati langu la misa, akatazama kitabu kilichobaki wazi kwenye jiwe, kisha akamtazama maman, na sauti yake ikashuka.

"Maman, mi sikujua kama mutoto iko nasikia."

"Batoto banasikiaka," maman alisema.

Wakati huo mama wa maua alikuwa amechuchumaa ubavuni mwa gari, anaongea peke yake. Alichukua ua moja, akakata shina lake fupi, akaliingiza mu tundu. Likasimama. Akaweka jingine kwenye tundu lililofuata.

"Haya matundu yamepangwa vizuri kuliko riboni," alisema. "Lakini maua yangu hayatafika. Muniletee ingine."

Sijawahi kuona lupango lote likienda mbio vile. Maman alikata maua ya uzio wetu, Yaya Solange akavua viatu, mimi na Nsimire tukavuna ya jirani bila kumsumbua kwa kumuuliza. Mstari wa maua ukazunguka mbavu zote mbili. Kwenye pua ya gari, mama wa maua aliweka moja kubwa, jeupe, la kona moja, mahali pa ile nyota ya kona tatu.

Tonton Déo alikuwa bado amekunja uso. "Na nyuma nitaonaka namna gani? Kioo ya ndani, shela ya bibi harusi itaifunika. Polisi watanisimamisha mbele ya batu."

Maman alijifuta mikono kwenye kitenge. Aliinua kichwa.

"Shemeji," alimwambia Papa mukubwa, "mulisema leo mutakuwepo."

Ilichukua muda muzee kuelewa. Kisha akaingia kiti cha mbele, akaweka kofia kwenye paja, akatoa kichwa chote nje ya dirisha, akatazama nyuma. Ndivyo kaka mkubwa wa papa yangu, aliyekuja kuchukua gari, alivyogeuka kuwa kioo chake. Tuliwasikia wakipanda mteremko: "Pikipiki. Pikipiki ingine. Ngojea, ng'ombe. Hapana, ni mutu na godoro. Pita."

Walirudi mchana umegeuka. Papa mukubwa alikuwa na vumbi mu ndevu, sauti imekauka, na tumbo limejaa wali wa ndoa. Alisimama mbele ya gari, akaipiga paa kwa kiganja mara mbili, kama anavyofanya kwa ng'ombe wake.

"Imebeba," alisema.

Alivaa kofia, akarudi Nyangezi, na yule mnunuzi wake hatukumsikia tena.

Tonton akaenda kulala. Nsimire akapotea, kwa akili zake zote. Tukabaki mimi na maman. Alichukua tochi ya simu, akaenda chooni, na niliona mwanga ukitembea chini ya mlango kwa muda mrefu sana. Alipotoka hakuwa na kitu mkononi. Akakaa kwenye kizingiti, ufagio ukiwa karibu na mkono wake wa kulia, akaniita. Nilienda nikiwa tayari kwa yote. Alinitazama toka nywele hadi viatu, macho yake yamejaa maji ambayo hayakuanguka, kisha akasema:

"Papa yako angekuwepo, yeye angekuchapa, na miye ningekuja mbio kumuomba akuache. Sasa niko peke yangu kwa kazi zote mbili. Kaa hapa kwanza, niangalie nianze na ya nani."